Pale ramani inapogoma, uliza breni

Juzi jioni nilikuwa Mwaloni pale Kirumba namsubiri mtu wa dagaa, nikakaa juu ya kreti naangalia mitumbwi inavyofungwa. Mmoja kamba yake imepigwa fundo kwenye msumari mkubwa uliogongewa kwenye gogo, hauendi popote, wimbi likija unaruka tu na kurudi. Wa pembeni yake mwenyewe kafanya vingine, kachukua kitanzi cha kamba kakipitisha kwenye bomba la chuma lililolazwa kando ya gati, wimbi likija kitanzi kinateleza kwenye lile bomba, mtumbwi unasogea kushoto unasogea kulia ila hauwezi kuliacha bomba. Nikiwa bado naangalia simu ikaita, kijana mmoja niliyemfundisha fizikia kidato cha sita, sasa yuko chuo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, habari za masomo?"

"Mwalimu nimekutana na kitu kinaitwa D-breni kwenye nafasi zisizo za kijiometri, siku ya tatu leo nasoma sielewi. Nafasi isiyo na jiometri ndo nafasi gani sasa?"

Nikamwambia nipe muda nitakupigia, maana nusu ya jibu ilikuwa imefungwa pale gatini na sikutaka kumjibu kwa haraka haraka. Nilichomwambia baadaye ndo hiki naandika hapa, nimekirefusha kidogo, kwa sababu naona watu wengi wanaishia njiani kwenye mada hii wakidhani ni hesabu tupu wakati ndani yake kuna swali moja zuri sana: kitu kuwa "mahali fulani" maana yake nini?

Tuanze na uzi. Nadharia ya nyuzi inasema chembe tunazozijua, kama elektroni, ukizichungulia karibu kupita kiasi sio nukta, ni nyuzi fupi mno zinazotetemeka, na kila mtetemo unaonekana kwetu kama chembe ya aina yake. Hakuna jaribio lililowahi kuuona huo uzi, hilo liwe wazi mapema, ila kama hesabu nadharia imeshikamana vizuri na imetufundisha mengi. Kuna nyuzi zilizofungwa, yani pete, na kuna zilizo wazi zenye ncha mbili. Ncha za uzi ulio wazi lazima ziwe na utaratibu, na kwa kila upande wa nafasi kuna njia mbili tu, ama ncha inateleza ama imefungwa. Ile ya kufungwa inaitwa sharti la Dirichlet, kwa jina la mwanahisabati Mjerumani wa karne ya 19, na hiyo ndo D ya kwenye D-breni. Breni yenyewe ni mahali ncha za nyuzi zinaporuhusiwa kushika. Msumari wa pale Mwaloni ni D0, nukta, ncha imefungwa pande zote. Bomba la chuma ni D1, ncha inateleza upande mmoja na kwingine imefungwa. Ukiwa na sakafu nzima ya kuteleza ni D2, na kuendelea.

Ila tofauti na bomba la gati, D-breni sio kitu kigumu cha pembeni kilicholetwa kushikilia kamba. Ina uzito, inasogea, inapinda, ina chaji yake. Dai, Leigh na Polchinski walizigundua mwaka 1989, Hořava naye akazifikia mwaka huohuo kivyake, ila hazikuchukuliwa kwa uzito mpaka 1995 Polchinski alipoonyesha kwamba zina chaji ambazo nadharia ilikuwa inazidai muda mrefu na hakuna aliyejua nani anazibeba. Tangu hapo kila mtu wa nyuzi anazungumza breni.

Sasa kitu cha pili, na hapa ndo utamu unapoanza. Chukua upande mmoja wa nafasi uukunje uwe duara lenye nusu kipenyo R. Pete ya uzi inaweza kufanya mambo mawili kwenye duara hilo. Inaweza kukimbia kulizunguka, na fizikia ya kwantamu inasema momenta yake, yani kiasi cha mwendo wake, inakuja kwa mafungu, kwa hiyo nishati ni 1/R, 2/R, 3/R na kadhalika. Au inaweza kujizungusha yenyewe kwenye duara kama mpira wa kufungia pesa uliozungushwa kwenye noti, mara moja, mara mbili, na kwa sababu uzi una mkazo wake kama mpira uliovutwa nishati inakuwa R, 2R, 3R. (Napima kwa kizio cha urefu wa uzi wenyewe.) Sasa weka R = 2. Momenta zinatoa 0.5, 1, 1.5, na mizunguko inatoa 2, 4, 6. Halafu futa, weka R = 1/2. Momenta zinatoa 2, 4, 6, na mizunguko inatoa 0.5, 1, 1.5. Orodha ni ileile! Vimebadilishana tu nani anaitwa nani. Na sio nishati peke yake, fizikia yote inalingana, duara la R na duara la 1/R kwa uzi ni kitu kimoja. Kikkawa na Yamasaki waliliona hilo mwaka 1984, leo linaitwa T-dualiti. Mimi kila nikiliandika ubaoni bado linanigusa, kwa sababu linasema ukubwa wa nafasi, kitu tunachodhani ndo cha kwanza kabisa, sio mali ya nafasi peke yake, unategemea anayepima ni momenta au mzunguko.

Na ncha za nyuzi zilizo wazi je? T-dualiti inabadilishana kuteleza na kufungwa. Msumari unageuka bomba, bomba linageuka msumari. Ukifanya T-dualiti kwenye upande ambao breni imelala, inapungua daimensheni moja, ukifanya kwenye upande ambao haijalala, inaongezeka moja. Lishike hili vizuri, huko mbele kila kitu kinaning'inia hapa.

Haya, nafasi isiyo ya kijiometri. Fikiria unataka ramani ya Ziwa Victoria lote, kilomita za mraba kama 68,800, haiingii kwenye karatasi moja. Unachora Ghuba ya Mwanza karatasi yake, Ghuba ya Speke karatasi yake, Ukerewe na visiwa vyake karatasi yake, halafu unaunganisha kwenye kingo. Kwenye kingo unaruhusiwa kuzungusha karatasi, kusogeza, kubadili majira ya nukta, basi. Nafasi yoyote ya kawaida, hata iliyopinda ya Einstein, inajengwa hivyo, vipande vya ramani na gundi ya kawaida. Lakini uzi hautofautishi R na 1/R. Kwa hiyo uzi haukatai ukiunganisha kingo mbili kwa T-dualiti, karatasi hii ikisema duara ni kubwa na ya jirani ikisema ni dogo, uzi unapita pale bila kujikwaa. Wewe uliyeshika ramani ndo unakwama, hakuna ramani moja inayoweza kushikilia karatasi zote mbili. Chris Hull alizipa nafasi za namna hii jina T-foldi miaka ya 2004 na 2005, ingawa mifano ilishaanza kuonekana tangu 2002 kwa Dabholkar na Hull, na kwa Hellerman, McGreevy na Williams.

Nataka nikuonyeshe mmoja kwa namba kwa sababu maneno peke yake hapa yanadanganya. Chukua torasi ya pande tatu, x, y, z, kila upande ni duara la urefu 1. Weka ndani yake fluksi ya H, hii ni kama uga wa sumaku ila ni wa nyuzi, na jumla yake lazima iwe namba kamili, tuiite N. Uga ambao mabadiliko yake ndo hiyo H unaitwa B, na tunaweza kuuandika kwamba kwenye uso wa y na z una thamani Nx. Ukizunguka x mara moja B inaongezeka N, na hiyo ni sawa, ni gundi ya kawaida ya uga. Mpaka hapo hamna tatizo.

Fanya T-dualiti kwenye z. Fluksi inapotea, badala yake torasi inakuwa imesokotwa, ukizunguka x mara moja uso wa yz unarudi umelalia upande kama karatasi za daftari ulizozisukuma kwa kiganja. Bado ni jiometri, imepinda tu.

Fanya tena kwenye y. Sasa eneo la uso wa yz linakuwa 1 gawa kwa (1 + N²x²). Weka N = 1 uone. Pale x = 0 eneo ni 1. Zunguka mara moja, umerudi palepale ulipoanzia, eneo ni 1/2. Zunguka tena ni 1/5. Tena, 1/10. Yani unakizunguka kisiwa unarudi gati lileile unakuta uwanja umebaki nusu, na uzi unakwambia hakuna kilichobadilika, kwa sababu hiyo nusu na ile nzima zinaunganishwa na T-dualiti (pamoja na B). Hii ndo T-foldi, fluksi yake inaitwa Q. Kila kipande kidogo ukikiangalia peke yake ni jiometri safi, ni ujumla wake ndo haufungi.

Kijana wangu alikuwa amefika hadi hapa kwenye kusoma. Kilichomshinda ni nini kinatokea ukiweka D-breni mle ndani, na mimi naamini hapo ndo mahali pa kuelewea yote, maana ramani ishagoma, kwa hiyo inabidi uulize mtu aliyesimama pale. Breni ndo mtu mwenyewe.

Rudi mwanzo kwenye torasi yenye H, ambako bado tunaelewa. Chukua D2 iliyotandazwa juu ya uso wote wa yz, isogeze taratibu kwenye x mpaka izunguke. B imeongezeka N, na D2 iliyo ndani ya B inabeba chaji za D0, kwa hiyo inarudi ikiwa D2 pamoja na D0 N juu yake. Haikurudi kama ilivyoondoka. Sasa T-dualiti y na z zote mbili, D2 inageuka D0, na D0 zinageuka D2. Kwenye T-foldi basi, unachukua nukta, msumari mmoja, unaupitisha kwenye x mzunguko mmoja, unarudi ukiwa msumari pamoja na sakafu N zilizotandazwa uso mzima! Soma tena hiyo sentensi. Nukta imezunguka imerudi sio nukta tena. Lawrence, Schulz na Wecht walilichambua hili mwaka 2006, wakaonyesha kwamba D-breni iliyosimama mahali fulani kwenye x haioni lile duara moja, inaona duara lililofunuliwa, mzunguko wa kwanza ni mahali pengine na wa pili ni mahali pengine, na kwenye mfano wetu haifikii kurudi kamwe. Cha kupendeza ni kwamba nafasi ambayo breni inaiona kwa namna hiyo ni ya kijiometri, hata pale ambapo pete za uzi hazina jiometri ya kushika.

Ila D2 iliyotandazwa kwenye yz ya T-foldi yenyewe inazunguka salama. Na hapa kuna jambo dogo ambalo binafsi nalipenda kuliko yote. Ncha za nyuzi zilizoshika kwenye D2 hazipimi umbali kwa kipimo kilekile cha pete, zina kipimo chake kinachochanganya na B. Ukikipiga hesabu (geuza matriki ya g + B, g ndo kile kipimo cha umbali cha pete, ni mbili kwa mbili tu, chukua karatasi ujaribu) unakuta eneo wanaloliona ncha halipungui hata kidogo, ni 1 mwanzo mpaka mwisho, wakati pete zilikuwa zinalia nusu, moja ya tano, moja ya kumi. Kinachobadilika kwao ni kitu kingine, y na z haziheshimiani tena kwenye kuzidisha, y kwanza halafu z sio sawa na z kwanza halafu y, na kiasi cha tofauti ni Nx. Kinaongezeka taratibu, ukimaliza mzunguko kimeongezeka N. Na kwa torasi ya namna hiyo hicho kiasi kiko kama mshale wa saa, namba kamili ni kuzungusha duara zima na kurudi palepale, kwa hiyo kwa D2 mzunguko umefunga vizuri kabisa. Mahali pamoja, wakazi watatu, pete inasema uwanja umesinyaa, D0 inasema mimi nimegeuka, D2 inasema uwanja ni uleule ila mpangilio wa kuhesabu ndo umezunguka. Hakuna anayekosea.

Njia ya Hull ya kuwapatanisha ni rahisi kuisema. Kila duara lipe pacha wake, y apewe y-pacha, z apewe z-pacha, moja inahesabu momenta na nyingine mizunguko. Uso wa yz unakuwa wa daimensheni nne. Humo ndani D-breni zote zina ukubwa mmoja, kila moja inakalia nusu, mbili kati ya nne. D2 imekalia y na z, D1 ya upande wa y imekalia y na z-pacha, D0 imekalia mapacha wote wawili. Ile tunayoita nukta haikuwa nukta, ilikuwa imelala upande ambao hatuutazami. T-dualiti inabaki kuwa swali la ni nusu ipi unaiita nafasi halisi, na kuzunguka x ni kuinamisha tu hizo pande nne, gundi ya kawaida kabisa. Ndo maana D0 inarudi ina D2 juu yake, ilikuwa imelala kwenye mapacha, ikainamishwa, sehemu yake ikaangukia upande wa y na z tunaouona.

Nilipompigia simu nikamweleza hadi hapo akanyamaza kidogo, halafu akauliza swali ambalo ndo lilinifanya niandike.

"Mwalimu, tumefanya z, tumefanya y. Je x?"

Hapo mambo ni magumu, kwa sababu kanuni za kawaida za kufanya T-dualiti, zile za Buscher, zinataka upande unaoufanyia usiwe na kitu kinachobadilika, na sisi kila kitu kinabadilika na x. Lakini Shelton, Taylor na Wecht mwaka 2005 walitoa hoja kwamba fluksi ya tatu lazima iwepo, wakaiita R (sio ile R ya nusu kipenyo), maana bila hiyo hesabu za pande mbili zinazounganishwa na T-dualiti hazilingani. Ila hiyo R ni nafasi ya aina gani? Kwenye Q angalau kipande kidogo kilikuwa cha kawaida. Kwenye R hata kipande hakuna, na sababu yake unaipata kwa kuuliza breni.

Unauliza hivi, naweza kuweka msumari, D0, kwenye nafasi ya R? Rudisha swali nyuma kwa T-dualiti tatu, D0 inageuka D3 iliyotandazwa kwenye torasi nzima yenye H. Na hiyo tunaijua. Juu ya breni kuna uga wake, F, na kinachohesabika ni B + F kwa pamoja, kitu kimoja kinachoeleweka kila mahali juu ya breni, na mabadiliko yake ndo H. Torasi haina ukingo. Ukijumlisha mabadiliko ya kitu kinachoeleweka kila mahali juu ya uso usio na ukingo jumla lazima iwe sifuri, kama mtu anayepanda na kushuka vilima vya Bugando kisha akarudi mlangoni kwake, mpando na mshuko vinafutana. Lakini jumla ya H tuliiweka N. Haiwezekani. Hilo ni sharti la Freed na Witten, la mwaka 1999, linaikataa D3 ile. Kwa hiyo D0 kwenye R imekatazwa pia. Na nukta ni nini, kwa mtu wa nyuzi, kama sio mahali D0 inapoweza kusimama?

"Kwa hiyo mwalimu kule hakuna nukta kabisa? Hata moja?"

Peke yake, hakuna. Ila kwenye H kuna njia ya kuiruhusu D3, Maldacena, Moore na Seiberg waliionyesha mwaka 2001, unaleta D1 zipatazo N zije ziishie juu yake, ncha zake zinabeba kile kilichozidi. Peleka hiyo upande wa R, zile D1 zinageuka D4, kila moja imefunika nafasi nzima ya R na kunyoosha upande mmoja kwenda nje. Nikamwambia achore hivyo, msumari mmoja katikati na D4 N zinazoishia kwake, halafu ajaribu kuzikata aone hesabu ya B + F inavunjika mstari gani.

Akasema anachora usiku huohuo.